Njia za chumvi, njia za manamba: Buha kwa miguu

“Umebeba nini?”

Mwenyekiti wa kijiji aliuliza mara mbili. Mara ya kwanza nilidhani hakunisikia, maana nilikuwa nimeshamweleza yote: naandika gazetini, nimekuja kupanda milima ya huku kwa miguu, kijiji hadi kijiji, na kitambulisho changu cha taifa hicho hapo mezani. Alikitazama kitambulisho, akatazama viatu vyangu, akatazama begi mgongoni. Begi alikuwa ameliona. Alichouliza ni mzigo. Kwa watu wa milima hii mtu haachi barabara akashika njia ya mlimani bila kuwa na kitu cha kupeleka upande wa pili: mkungu wa ndizi, debe la maharage, dumu la mawese, mtoto wa kupelekwa zahanati. Sikuwa na jibu. Akagonga muhuri barua yangu hivyohivyo, akanitakia safari njema, lakini swali lake nilitoka nalo.

Niko Buha, nchi ya Waha. Watanzania wengi tunaiita Kigoma, na tunaijua kwa vitu vitatu: mwisho wa reli, dagaa na sokwe wa Gombe. Vyote vitatu viko chini, ziwani, kwenye mita 773 juu ya usawa wa bahari. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914. Jane Goodall alishuka Gombe kwa boti Julai 1960, na eneo hilo dogo la kilomita za mraba 52 likawa Hifadhi ya Taifa mwaka 1968. Mgeni wa leo hufuata mkondo huohuo: anashuka kwenye ndege au treni, anapanda boti, anatazama sokwe, anarudi. Mgongo wake ameupa nchi nzima inayopanda nyuma ya mji.

Nchi hiyo inapanda kweli. Ukingo wa Bonde la Ufa unasimama juu ya Ziwa Tanganyika hadi kupita mita 1,500, na ukishafika juu, kusini mpaka kaskazini unaona vilima vya nyasi vikifuatana kama migongo ya ng'ombe waliolala zizini. Ndiyo Kasulu, Buhigwe, Kibondo na Kakonko. Wilaya mbili kati ya hizo, Buhigwe na Kakonko, ni mpya, zilimegwa mwaka 2012, lakini mpaka wa kweli wa huku ni maji. Mvua inayonyesha Kasulu inaingia Ruchugi, Ruchugi inaingia Malagarasi, Malagarasi inaingia Ziwa Tanganyika, na kutoka ziwani maji yanatoka kwa Mto Lukuga kwenda Kongo na bahari ya Atlantiki. Kaskazini kidogo tu, ndani ya Burundi, tone linaloangukia upande wa Mto Ruvubu linakwenda Kagera, Ziwa Viktoria, Naili na Misri. Mkulima wa Kibondo anayepiga jembe kwenye tuta lake yuko karibu na paa linalogawa maji ya Afrika, na hakuna bango lolote la kumwambia mpita njia jambo hilo.

Nilimpata mwenyeji Heru Juu: mzee wa miaka sabini na ushee, mkulima wa maharage na kahawa kidogo, ambaye utotoni alizitembea njia hizi nyuma ya baba yake. Hakutaka jina lake liandikwe. Mjukuu wake wa darasa la saba, aliyekuwa likizo ya mwezi wa sita, alibeba panga na maji.

Heru Juu si kijiji cha kupita haraka. Hapa palikuwa makao ya Heru, moja ya falme za Waha, pamoja na Buyungu na Muhambwe za upande wa Kibondo, na Bushingo, Ruguru na Bujiji. Kila ufalme ulikuwa na mwami wake, na chini ya mwami watwale walioshika maeneo. Lakini aliyekuwa na neno na ardhi yenyewe ni mteko, mzee wa mila aliyeanza kuwepo, kwa masimulizi ya Waha, kabla watawala wenye ng'ombe hawajafika. Mwaka 1946, wakati Waingereza wakiamini kwamba uchifu ni kazi ya wanaume, kiti cha Heru kilikaliwa na mwanamke kijana, Mwami Theresa Ntare, ambaye baadaye aliingia pia bungeni. Wanafunzi wetu wanafundishwa majina ya malkia wa Ulaya. Huyu wa Heru, ni wangapi wanaomjua?

Tuliondoka saa kumi na mbili kasoro, umande ukiwa bado mzito. Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba njia za zamani za Buha hazizunguki mlima. Zinapanda moja kwa moja hadi mgongoni, zikifika huko zinatembea na mgongo mpaka uishe, kisha zinateremka kuvuka bonde mahali pamoja tu, penye magogo mawili matatu yaliyolazwa juu ya maji. Mara ya kwanza mapafu yangu yalilalamika. Mzee akanionesha kwa kidole: bondeni ni mafunjo na tope hadi magotini, na masika bonde zima linakuwa mto. Mgongo unakauka kwanza. Tena mtu akiwa mgongoni anaona anayekuja, na anayekuja anamwona. Katika nchi iliyowahi kupitiwa na misafara ya watumwa na majeshi ya watu wengine, hilo halikuwa jambo dogo.

Jambo la pili ni adabu. Njia ni nyembamba, upana wa nyayo mbili, na mwenye mzigo hapishi mtu. Anayepisha ni mwenye mikono mitupu. Kila tulipokutana na mama mwenye kapu la muhogo au kijana anayesukuma baiskeli yenye mikungu sita ya ndizi, mzee alisogea nyasini, akasalimu “Mwakeye”, salamu ya asubuhi ya Kiha, na mazungumzo yakafuata hatua kwa hatua: watoto, mvua, ng'ombe, mgonjwa wa nyumba ya jirani. Mimi nilisogea nyasini siku nzima. Kufikia jioni suruali yangu ilikuwa imejaa mbegu za nyasi hadi mapajani.

Mchana wa siku ya pili tulifika mahali ambapo njia ilikuwa imechimbika. Sisemi mtaro wa maji. Ni mfereji uliolika kwa miguu, pembezoni umeota majani, na mtoto akisimama ndani anazama hadi kiunoni. Mzee akasimama. “Hii ni ya munyu,” akasema, na munyu ni chumvi.

Chumvi ya Buha yote ilitoka Uvinza, kusini, Ruchugi inapokutana na Malagarasi. Pale pana chemchemi za maji ya chumvi. Mwaka 1967 wataalamu wawili, John Sutton na Andrew Roberts, walichimba pembeni mwa chemchemi hizo wakakuta vigae na mabaki ya meko yanayoonesha kwamba watu walikuwa wakichemsha chumvi hapo tangu karne ya 5 au ya 6. Maana yake, kabla Kilwa haijawa mji wa kutajwa, kuna mtu alikuwa ameinama juu ya chungu Uvinza, akingojea maji yakauke. Kazi ilifanyika kiangazi pekee, maana masika mto ulizifunika chemchemi. Watu walishuka kutoka kila upande, Waha kutoka kaskazini, Wanyamwezi kutoka mashariki, Wajiji kutoka ziwani, wakajenga vibanda, wakachemsha, wakatoa fungu la watawala wa Wavinza, wakafunga chumvi kwenye majani na magome, wakarudi kwao. Kutoka vilima vya Kasulu hadi Uvinza si chini ya kilomita 60. Kwenda ni kuteremka. Kurudi, na mzigo kichwani, ni kupanda.

Baba wa mzee wangu alikwenda mara mbili kabla ya chumvi ya dukani kufika kila kijiji. Anachokumbuka mwanawe si safari. Anakumbuka kurudi: watoto walikimbia kumpokea baba njiani, wakalamba kamba aliyofungia mzigo.

Njia hii ndiyo ningeichagua kuwa ya kwanza kufunguliwa kwa watembeaji. Ina mwanzo na mwisho unaoeleweka. Inaanzia kwenye baridi na migomba, inashuka kwenye miombo, penye mininga, mitundu na mikurungu, kisha inaingia kwenye joto la bonde la Malagarasi, na inaishia Uvinza, ambako chumvi bado inazalishwa na treni bado inasimama. Mtu anashuka kwa miguu kama Mha wa zamani, anarudi kwa reli. Kusema hivi ni rahisi, najua. Lakini sehemu kubwa ya njia yenyewe ipo, na watu bado wanapita vipande vyake kila siku bila kujua kwamba vinaungana.

Ukingo wa kusini wa nchi hii una kisa kingine kinachostahili kusimuliwa upya na Waha wenyewe. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alipita hapa akimtafuta Livingstone. Alikuwa na msafara, bendera na marobota ya nguo, na kila alipofika alitakiwa kutoa hongo. Siku hizi neno hilo limechafuka, lakini wakati ule hongo ilikuwa ushuru wa kupita, na kila mtawala wa njia ya misafara alikuwa na haki nayo. Mtwale wa kwanza alichukua nguo nyingi. Kesho yake akatokea mwingine, na Stanley akaambiwa wako wengine tena mbele. Akaamua kukwepa. Akamlipa mtu wa kumwongoza, akatoka kambini usiku, akaacha njia kuu na kukata porini kimyakimya. Mwanamke mmoja wa msafara akaangua kilio, akanyamazishwa kwa nguvu. Wakatembea hivyo mpaka wakavuka Ruchugi, wakatoka Buha, na siku chache baadaye wakaingia Ujiji.

Katika kitabu chake Waha wanasomeka kama wanyang'anyi. Nimekisoma sehemu hiyo mara kadhaa, na kila mara namfikiria zaidi yule mwanamke asiye na jina kuliko mwandishi. Na nawafikiria Waha waliokuwa na sheria inayoeleweka kwa kila mpita njia: ukipita kwa mtu, unabisha hodi na unatoa kitu. Wafanyabiashara wa Ujiji waliipita nchi hii miaka na miaka, wakatoa, wakapita. Leo nimebisha hodi kwa mwenyekiti, nikagongewa muhuri. Sheria ni ileile.

Usiku ule tulilala kwa ndugu wa mzee. Ugali wa muhogo, maharage, dagaa waliokaangwa kwa mawese mpaka wakawa wekundu. Nje kulikuwa na baridi ya kuvutia blanketi, na mzee akaanza habari ya blanketi.

Katika nyumba nyingi za Buha, blanketi la kwanza lililetwa na manamba. Serikali ya kikoloni ilitaka kodi ya kichwa kwa fedha taslimu, na huku hapakuwa na zao la kuuza wala reli ya karibu. Kilichokuwepo ni wanaume. Mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro yalihitaji mikono, na kuanzia mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na chombo chao cha kuajiri, SILABU, kilichofika hadi Kasulu na Kibondo kuandikisha watu. Kila mtu alipewa namba, na kutokana na namba hiyo likazaliwa jina lililobaki kwenye Kiswahili hadi leo. Kazi ilihesabiwa kwa kipande, kadi ya siku thelathini, na siku isiyokamilika haikuandikwa.

Kabla ya malori walitembea. Walishuka kutoka vilima hivi hadi relini, wengine hadi Kigoma, wengine wakakata mashariki moja kwa moja kuelekea Tabora, kupitia mbuga za Malagarasi zenye mbung'o na maji yasiyo na kina kinachojulikana. Wengine hawakurudi. Walizeeka Tanga wakaoa huko, na leo ukienda Muheza au Korogwe utakuta wajukuu wanaojiita Waha ambao hawajawahi kuona kilima kimoja cha Buha. Mzee alikuwa mtoto wakati baba yake mdogo alipoondoka. Alimsindikiza hadi mgongo wa tatu kutoka nyumbani. “Pale watu walikuwa wanageuka,” akaniambia. Kila kijiji kilikuwa na kilima chake cha kugeukia, na wanawake walijua ni kipi, maana ndipo waliposimama.

Tulipita pale asubuhi yake. Ni kilima cha kawaida chenye mbura mmoja na mawe matatu. Nisingekuwa na mzee ningepita bila kugeuza shingo, na hilo ndilo linalonisumbua kuhusu njia hizi. Ramani ya simu yangu iliipaka sehemu yote hiyo rangi ya kijani isiyo na jina. Mzee alikuwa na jina kwa kila mteremko, na mjukuu wake alijua labda moja kati ya matano.

Zipo alama nyingine ambazo jicho likishafundishwa haziachi kuonekana. Katikati ya pori unakuta mwembe mkubwa, au safu ya minyaa iliyopandwa kwa mstari, au mvumu, ule mti ambao magome yake yalipondwa kuwa nguo kabla ya pamba kufika. Pori halipandi minyaa kwa mstari. Hayo ni mahame. Waha wa zamani hawakukaa vijijini kama tunavyovijua. Kila ukoo ulikuwa na kilima chake, nyumba zimetawanyika katikati ya migomba. Mwaka 1933 serikali ya Waingereza ilianza kuwahamisha watu kwa maelfu kutoka maeneo yenye mbung'o, wakikimbizwa malale, na kuwakusanya kwenye makazi makubwa. Walipokuwa wameshazoea mahali papya, Operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha tena, safari hii kwenda kando ya barabara ili shule, zahanati na bomba viwafikie. Shule zilikuja kweli, na mimi siwezi kuidharau shule. Lakini babu wa mtu wa huku ana kaburi kwenye kilima kimoja, baba yake ana kaburi kwenye kingine, na yeye mwenyewe anaishi kwenye cha tatu. Njia zinazopita porini kwenda kwenye mahame ndizo zinazounganisha makaburi hayo. Zinafyekwa mara moja kwa mwaka na wenye wafu wao. Mtembeaji anayepita hapo anapita kwenye ua wa mtu.

Kuna njia nyingine ambazo sitaki mtu yeyote azifanye kivutio. Zinatoka Burundi. Mwaka 1972, kisha 1993 baada ya kuuawa kwa Rais Ndadaye, kisha tena 2015, watu walizishuka na watoto mgongoni. Kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na mwishoni mwa 2015, Warundi walipoongezeka, ilikuwa na zaidi ya watu 150,000. Nduta ya Kibondo ikafunguliwa upya mwaka huohuo. Na Mei 2015 palitokea lile la Kagunga, kijiji cha mwambao kaskazini mwa Gombe, kilichobanwa kati ya maji na mlima. Makumi ya maelfu ya Warundi walijazana ufukweni. Barabara haikuwepo. Waliobaki na nguvu walipanda mlima kwa njia ya miguu. Wengine walisubiri zamu ya kusombwa na MV Liemba, meli iliyozinduliwa Kigoma mwaka 1915, huku kipindupindu kikiua watu mchangani. Mwenye kuitembea ile njia ya Kagunga leo anashuka mteremko wenye mandhari ambayo huenda ni nzuri kuliko zote mkoani. Naomba ashuke akijua.

Kwa sababu ya historia hiyo, na ya majambazi waliokuwa wakiteka magari katika misitu ya Kasulu na Kibondo hadi mabasi yakasindikizwa na askari wenye bunduki, huku mtu mgeni anaulizwa maswali. Maofisa wa Uhamiaji wapo barabarani. Usitembee bila kitambulisho. Usianze bila kupita kwa mtendaji na mwenyekiti wa kila kijiji. Kambi za wakimbizi haziingiwi bila kibali, na si mahali pa kwenda kutazama watu. Tembea kati ya Juni na Septemba, ingawa Agosti moshi wa moto wa nyasi unafunika upeo wote. Na usiikanyage njia yoyote ya mpakani bila mwenyeji, maana kati ya jiwe la mpaka na shamba la mtu mara nyingi hakuna hata uzio.

Kibondo kuna tabia nyingine. Ukitoka Kasulu kwenda huko unaona vilima vikitulia, nafasi kati yao zinakuwa pana, na majina ya vijiji yanaanza kufanana: Kumsenga, Kumhasha, Kumwambu, Kumbanga. Hilo “ku” la mwanzo linasema “kwenye”, kana kwamba kila jina ni maelekezo ya njia aliyopewa mtu zamani, yakaganda. Magharibi ni mpaka wa Burundi na masoko ya ujirani mwema kama la Mabamba, ambako watu wa pande mbili wanaelewana bila mkalimani, kwa kuwa Kiha na Kirundi ni lugha za tumbo moja. Vijana wa Kirundi wanavuka alfajiri kuja kufanya kibarua mashambani, na jioni njia zinawarudisha.

Mashariki ya Kibondo hakuna mtu. Hapo miombo inateremka taratibu hadi kwenye mabwawa ya Muyovozi na Malagarasi, ardhioevu ya hekta zaidi ya milioni tatu, ambayo mwaka 2000 ilikuwa ya kwanza nchini kuingizwa kwenye orodha ya Mkataba wa Ramsar. Malagarasi wenyewe ni mto wa ajabu. Unaanzia kwenye vilima vya mpakani, si mbali na ziwa, lakini badala ya kushuka ziwani unakwenda kaskazini-mashariki ukiwa mpaka wa nchi mbili, unaizunguka Kibondo, unapotelea kwenye mabwawa, kisha unageuka magharibi kurudi Tanganyika baada ya kilomita 475 hivi. Wanasayansi wanasema ni mkongwe kuliko ziwa unaloingia: ulikuwa ukitiririka kwenda Kongo kabla Bonde la Ufa halijapasuka, na baadhi ya samaki wake bado ni ndugu wa samaki wa Kongo.

Kwenye misitu hiyo njia ni za warina asali. Ni nyembamba mno, na bila mwenyewe huzioni. Mtu anatoka Kibondo na baiskeli, anaiacha anapoishia mtu wa mwisho, anaingia porini siku kadhaa kukagua mizinga ya magome iliyoning'inizwa juu ya mitundu na miyombo. Alama zake ni mkato wa panga kwenye gome, tawi lililokunjwa, jivu la kambi ya mwaka jana. Nilitembea nusu siku na mmoja wao. Alikuwa akinuka moshi, alizungumza kwa sauti ya chini kama mtu aliyeko msikitini au kanisani, na aliponionjesha asali nyeusi iliyokolea kutoka kwenye sega nilielewa kwa nini wanunuzi wanaifuata hadi huku. Sehemu kubwa ya pori hilo ni hifadhi, ukiingia bila kibali unavunja sheria. Warina asali ndio wangekuwa waongozaji bora nchini, kama kuna ofisi itakayokaa nao na kuandika masharti yanayowafaa.

Mifano ya kufuata haiko mbali. Jirani zetu wa Rwanda wana njia ya kilomita 227 kando ya Ziwa Kivu, kutoka Rubavu hadi Rusizi, na watu wanatoka mabara mengine kuitembea kwa siku kumi, wakilala na kula kwa wenyeji. Kwetu Lushoto, tangu miaka ya 1990, vijana wa Usambara wanawaongoza wageni hadi Mtae, na vijiji vinapata fungu. Buha ina vilima vya kutosha na hadithi nyingi zaidi. Tena sasa kuna sababu ya kuharakisha. Barabara ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, kilomita 260, imeleta lami mahali ambapo zamani masika basi lililala njiani siku mbili. Mjamzito anafika hospitali. Maharage yanafika sokoni yakiwa na bei. Hakuna mtu mwenye akili atakayeikataa barabara hiyo. Ila bodaboda imeshaanza kuchukua mizigo yote, na njia ya mlimani ikikaa misimu mitatu bila mguu, nyasi inaifunga. Wazee wenye majina ya miteremko ni wa umri wa mwenyeji wangu. Ningependa halmashauri za Kasulu na Kibondo ziwatume walimu na wanafunzi wakatembee nao mwaka huu, na daftari, kabla hata ya kufikiria bango la kwanza la watalii. Na fedha ikija, iingie kwenye akaunti ya kijiji chenye mlima.

Siku ya nne ya safari yangu na mzee, goti lake liligoma. Alikuwa amekusudia tuvuke mabonde mawili hadi upande wa Buhigwe, alikoolewa binti yake, akakaa kwenye kigoda akilikanda goti kwa mawese ya moto. Kisha akaingia ndani, akatoka na mfuko wa maharage kama kilo nane na pakiti mbili za chumvi. “Utampelekea, mwanangu,” akasema. Mjukuu akaniviringia kata ya majani ya migomba, akaniwekea kichwani. Nikaona aibu kuushika kwa mikono yote miwili, lakini bila hivyo ungeanguka.

Tulipanda mgongo wa kwanza polepole kuliko siku zote. Karibu na juu tukakutana na mwanamume mtu mzima akiteremka, koti limewekwa begani, mikono mitupu. Alitutazama, akauliza kwa Kiha, na mtoto akamjibu kabla sijafungua mdomo: maharage ya shangazi. Yule bwana akasogea nyasini, akatupisha.